Uungwana Uwanjani na Haki ya Refa: Mafunzo Kutoka Mbio za Nyika za Thelujini

Hotuba kwa makocha, waamuzi, walimu wa michezo, wazazi na wanamichezo wa timu za mashinani



Kila msimu wa michezo unapokaribia, mambo mawili huzungumzwa kuliko mengine: viwanja na jezi. Yote mawili yanahitajika. Lakini timu nyingi za mashinani hazivunjwi na ukosefu wa jezi. Huvunjwa na ugomvi. Refa amezingirwa, kocha ameondoa timu uwanjani kabla ya kipenga cha mwisho, mchezaji amesajiliwa kwa cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake. Mwaka unaofuata, refa yule hakubali tena kuitwa. Mfadhili ameenda kwingine. Na kijana aliyekuwa na kipaji anashinda kwenye stendi ya bodaboda, kwa sababu ligi aliyokuwa akichezea imekufa.

Kwa hivyo hotuba ya leo inahusu mambo mawili yanayotembea pamoja: uungwana wa mwanamichezo na haki katika uamuzi. Mifano mingi inatoka mbali, katika mchezo ambao wengi wenu mmeuona kwenye runinga tu, nao ni mbio za nyika za skii. Mkimbiaji hufunga viatu vyake kwenye mbao mbili nyembamba na ndefu, hushika fimbo mbili mkononi, kisha hupanda vilima na kuteremka mabonde juu ya theluji kwa kilomita 10, 15 au hata 50.

Kuna sababu mbili za kuuchagua mchezo huo. Kwanza, unafanana na mbio zetu za nyika kuliko mtu anavyodhani. Njia inapita msituni, mkimbiaji yuko peke yake, na kuna sehemu ambazo jicho la refa halifiki. Watu wa mchezo huo wamelazimika kufikiria uaminifu kwa muda mrefu. Pili, ndani ya historia yake kuna Mkenya.

Mkenya wa mwisho na bingwa aliyemngoja

Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret. Mwaka 1996 yeye na mwenzake, Henry Bitok, walipelekwa Finland kwa udhamini wa kampuni ya Nike ili wafundishwe skii. Boit alikuwa hajawahi kuona theluji. Wapo waliosema kuwa hayo yalikuwa matangazo ya biashara tu, na hawakukosea kabisa, kwani kampuni haitumii pesa bila sababu. Lakini udhamini haumpandishi mtu mlima. Mlima alipaswa kuupanda yeye.

Tarehe 12 Februari 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano, Japani, Boit alisimama kwenye mstari wa kuanzia wa mbio za kilomita 10. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Mvua ilinyesha, theluji ikawa nzito, naye akaanguka mara kadhaa. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa muda wa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25. Alikuwa wa 92, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Kwa desturi, mshindi hukimbilia kubadilisha nguo zilizolowa kabla baridi haijamwingia, kisha husubiri kuvishwa medali. Dæhlie hakufanya hivyo. Waandaaji walitaka kuanza sherehe, naye akasisitiza wangoje mpaka yule Mkenya afike. Boit alipovuka mstari, bingwa alimkumbatia. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na wanaume hao wawili wakawa marafiki. Boit alirudi kwenye Olimpiki mwaka 2002 na tena mwaka 2006.

Jambo la kuzingatia hapa ni hili. Dæhlie hakumpa Boit medali, wala hakupunguza mwendo ili Boit asiachwe mbali. Alikimbia kwa nguvu zake zote, akashinda kwa haki, kisha akamheshimu aliyemaliza. Huko ndiko uungwana unakoanzia: shindana kikamilifu, halafu mtambue mwenzako. Mtindo huo haukuishia hapo. Mwaka 2022, mjini Beijing, Iivo Niskanen wa Finland alishinda mbio za kilomita 15 na kubaki kwenye mstari wa mwisho hadi alipofika Carlos Andrés Quintana wa Colombia, mkimbiaji wa mwisho siku hiyo. Tendo la mtu mmoja lilikuwa limegeuka mila.

Fimbo ya mpinzani

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika skii, fimbo ikivunjika mkimbiaji hupoteza nusu ya nguvu za mikono. Kanuni zinamruhusu kupokea nyingine, lakini lazima awepo mtu wa kumpa.

Mwaka 2006, kwenye Olimpiki ya Torino, Italia, Sara Renner wa Kanada alikuwa akikimbia mbio za kupokezana za wanawake wawili wawili, akiwa na mwenzake Beckie Scott. Walikuwa kwenye kundi la mbele. Ghafla fimbo yake ikavunjika na wapinzani wakaanza kumpita. Kando ya njia alisimama Bjørnar Håkensmoen, ambaye hakuwa Mkanada. Alikuwa kiongozi wa makocha wa Norway, na timu yake ilikuwa inapigania medali hizo hizo. Alimpa Renner fimbo. Ilikuwa ndefu kuliko yake, lakini ilimtosha kurudi mashindanoni.

Kanada ilipata medali ya fedha. Norway ilimaliza ya nne, nje ya medali.

Makocha mlio hapa, litafakarini hilo. Kama angefunga mkono wake, hakuna kanuni ambayo angekuwa ameivunja, na huenda timu yake ingepanda jukwaani. Lakini ushindi unaopatikana kwa sababu kifaa cha mwenzako kimevunjika hauonyeshi nani ni hodari zaidi. Wakanada hawakulisahau tendo hilo. Maelfu ya makopo ya sharubati ya mti wa mepo, inayopendwa sana kwao, yalisafirishwa hadi Norway kama shukrani.

Miaka minane baadaye, huko Sochi, Urusi, Anton Gafarov wa timu ya wenyeji alianguka katika nusu fainali ya mbio fupi na skii yake ikavunjika. Alianza kujikokota mbele ya mashabiki wa nchi yake. Aliyeingia njiani na skii nyingine mkononi alikuwa Justin Wadsworth, kocha wa Kanada. Gafarov hakuwa tena na nafasi ya kufuzu, ila aliweza kumaliza mbio akiwa wima badala ya kutambaa. Wadsworth ni mume wa Beckie Scott, yule aliyekuwa mwenza wa Renner siku ya fimbo. Wema uliotendwa Torino ulikuwa umefika nyumbani mwao kabla ya kutokea tena Sochi.

Uungwana si kugawa ushindi

Hapa panahitaji tahadhari. Baadhi ya watu husikia habari kama hizi na kudhani uungwana ni kumwachia mwenzako ashinde. Sivyo.

Aprili 2024, katika nusu marathoni ya Beijing, Wakenya wawili na Mwethiopia mmoja walionekana wakipunguza mwendo karibu na utepe na kumwonyesha ishara Mchina He Jie apite mbele. Alishinda kwa tofauti ya sekunde moja. Waandaaji walichunguza, na wakimbiaji wote wanne wakanyang'anywa ushindi, medali na zawadi. Mmoja wa Wakenya alieleza kwamba alikuwa ameajiriwa kama msukumaji kasi. Kwa mtazamaji, lakini, mashindano yalikuwa yamegeuka maigizo, na aliyeumia zaidi ni kila mkimbiaji aliyekuja siku hiyo kushindana kwa dhati.

Sasa linganisheni na tukio la Desemba 2012 huko Burlada, Uhispania, katika mbio za nyika. Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa ameshinda shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London mwaka huo huo, alikuwa akiongoza kwa umbali mkubwa. Alidhani amevuka mstari wa mwisho, akasimama mita chache kabla yake. Iván Fernández Anaya wa Uhispania alimfikia. Angeweza kumpita. Badala yake alibaki nyuma yake na kumwashiria aendelee mpaka avuke.

Tofauti ya matukio hayo mawili ni moja. Burlada, aliyekuwa mbio zaidi ndiye aliyeshinda, na mwenzake alikataa kufaidika na kosa la kuelewa. Beijing, matokeo hayakuonyesha nani alikuwa mbio zaidi. Kipimo cha uungwana, basi, si upole. Kipimo ni swali hili: je, matokeo yamesema ukweli?

Kazi ya refa ni kulinda ukweli huo

Ndipo anapoingia mwamuzi. Mwanamichezo mmoja mmoja anaweza kuwa mwungwana, lakini mashindano hayawezi kutegemea wema wa kila mtu. Yanahitaji kanuni zilizo wazi na mtu wa kuzisimamia.

Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lina kanuni zinazogusa hata mambo yanayoonekana madogo. Katika mtindo wa kale, skii hubaki sambamba ndani ya mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji. Katika mtindo huru, mkimbiaji huruhusiwa kusukuma kwa kutanua miguu, kama anayeteleza kwenye barafu. Mtindo huru una kasi zaidi. Ulipoenea miaka ya 1980 ulizua mabishano makubwa, kwa sababu waliokimbia kwa mtindo wa kale waliachwa nyuma. Mitindo hiyo ikatenganishwa, na Olimpiki ya Calgary ya mwaka 1988 ikawa ya kwanza kuwa na mbio za kila mtindo. Tangu hapo waamuzi hupangwa kando ya njia, wakitumia macho na kamera, kuhakikisha hakuna anayeiba hatua kwenye kona au mlimani.

Fimbo nazo hupimwa. Katika mtindo wa kale haziruhusiwi kuzidi asilimia 83 ya urefu wa mkimbiaji, akipimwa akiwa amevaa viatu vyake vya mbio. Mwenye urefu wa sentimita 180 hawezi kutumia fimbo inayozidi sentimita 149.4. Tangu msimu wa 2023/24, nta yenye florini, inayopakwa chini ya skii ili ziteleze zaidi, imepigwa marufuku kwa sababu ya madhara yake kwa afya na mazingira, na skii hukaguliwa kwa mashine. Katika mbio ambazo wakimbiaji huanza mmoja baada ya mwingine, kwa kawaida kila sekunde 30, anayefikiwa na mwenye kasi lazima ampishe mara tu anapoombwa njia.

Kila kanuni kati ya hizo inajibu malalamiko yaliyowahi kutokea. Hivyo ndivyo sheria nzuri huzaliwa. Mfano bora ni Olimpiki ya Lake Placid, Marekani, mwaka 1980. Katika mbio za kilomita 15, Thomas Wassberg wa Sweden alimshinda Juha Mieto wa Finland kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, baada ya takriban dakika 42 za kukimbia. Inasimuliwa kwamba Wassberg mwenyewe aliona aibu na akapendekeza medali zikatwe na kuunganishwa, kila mmoja awe na nusu ya dhahabu na nusu ya fedha.

Wakuu wa mchezo huo walijiuliza: katika njia ndefu ya milima, sehemu ya mia ya sekunde inapima kweli nani ni bora? Waliona haipimi. Muda ukaanza kuhesabiwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Matokeo yake yalionekana mwaka 2018 huko PyeongChang, Korea Kusini. Marit Bjørgen wa Norway na Krista Pärmäkoski wa Finland walimaliza kilomita 10 kwa muda ule ule, na wote wawili wakavishwa shaba. Saa haikulazimishwa kusema kisichojulikana.

Waamuzi, funzo hapo ni kubwa. Refa mwema hajifanyi kuona asichokiona. Akiwa na uhakika, anaamua bila kuyumba. Asipokuwa na uhakika, anafuata utaratibu uliowekwa badala ya kusikiliza kelele za upande wenye mashabiki wengi.

Uamuzi unapouma

Mnamo tarehe 7 Machi 2021, mjini Oberstdorf, Ujerumani, mashindano ya dunia ya skii yalifikia kilele kwa mbio za kilomita 50. Baada ya umbali huo wote, Johannes Høsflot Klæbo wa Norway na Alexander Bolshunov wa Urusi waliingia mita za mwisho wakiwa bega kwa bega. Waligongana, fimbo ya Bolshunov ikavunjika, na Klæbo akavuka mstari wa kwanza.

Jopo la waamuzi liliketi na kutazama picha za video. Uamuzi wao ulikuwa kwamba Klæbo alimzuia mwenzake kinyume cha kanuni, akaondolewa kwenye matokeo. Dhahabu ilimwendea Emil Iversen, Mnorway mwenzake, aliyekuwa nyuma yao. Bolshunov alipata fedha na Simen Hegstad Krüger shaba. Norway iliwasilisha malalamiko, yakakataliwa. Ikaanza safari ya rufaa, kisha ikaiondoa.

Tazameni mambo ambayo hayakutokea. Hakuna refa aliyekimbizwa hadi kwenye gari. Hakuna timu iliyosusia msimu. Malalamiko yalipelekwa kwa maandishi, mahali panapohusika, na yalipokwisha, yalikwisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwaka 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Trondheim, Norway, Klæbo alikimbia mbio sita na kushinda zote sita, ikiwemo ile ya kilomita 50. Uamuzi uliomuuma haukummaliza. Ulimfundisha kufika mita za mwisho akiwa na nafasi ya kutosha.

Bolshunov naye hakuwa malaika. Wiki chache kabla ya Oberstdorf, mjini Lahti, Finland, alimpiga Joni Mäki kwa fimbo kwenye mita za mwisho za mbio za kupokezana, kisha akamgonga kwa makusudi baada ya mstari wa mwisho. Kikosi chake kizima kiliondolewa kwenye matokeo, na baadaye aliomba radhi. Hasira ya mtu mmoja iliwaponza wenzake watatu ambao hawakumgusa mtu. Kila nahodha wa timu ya wadi aikumbuke habari hiyo kabla ya kumsogelea refa akiwa amekunja ngumi.

Wala hakuna nchi iliyo juu ya majaribu. Huko huko Trondheim mwaka 2025, katika mchezo wa kuruka kwa skii, maafisa wa timu ya Norway, wenyeji wa mashindano, walinaswa kwa video wakibadilisha mishono ya mavazi ya warukaji kinyume cha kanuni. Nchi iliyompa Renner fimbo ndiyo hiyo hiyo. Sifa njema ya jana haimlindi mtu asichunguzwe leo.

Haki inayochelewa: habari ya dawa

Kuna wizi mwingine ambao refa wa uwanjani hauoni kabisa. Februari 2002, huko Salt Lake City, Marekani, Beckie Scott alimaliza wa tatu nyuma ya Warusi wawili, Olga Danilova na Larisa Lazutina. Alivishwa shaba. Kabla michezo kwisha, Warusi hao walipatikana na dawa iliyopigwa marufuku, inayoongeza chembe nyekundu za damu. Kesi zikaanza. Shaba yake iligeuka fedha, na mwishowe dhahabu, ambayo alikabidhiwa Juni 2004 mjini Vancouver, zaidi ya miaka miwili baada ya mbio.

Haki ilipatikana, lakini haikuwa kamili. Siku ya kusimama juu kabisa ya jukwaa, wimbo wa taifa ukipigwa mbele ya dunia nzima, ilikuwa imeibwa, na siku hairudishwi kwa posta.

Upande wa pili kuna Therese Johaug wa Norway. Mwaka 2016 alipatikana na steroidi iliyokuwa ndani ya krimu ya midomo. Alikuwa amepewa na daktari wa timu, na onyo lilikuwa limeandikwa kwenye pakiti. Hakuna aliyethibitisha kwamba alikusudia kudanganya. Hata hivyo, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimfungia miezi 18, akaikosa Olimpiki ya 2018. Alirudi na kushinda dhahabu tatu Beijing mwaka 2022.

Kwa taifa la wakimbiaji kama Kenya, habari hiyo inatuhusu moja kwa moja. Sheria ya mwaka 2016 ya kupambana na dawa hizo ndiyo iliyo nyuma ya kazi za wakala wa taifa, ADAK. Kanuni ya kimataifa ni kwamba mwanamichezo anawajibika kwa kila kinachopatikana mwilini mwake. "Nilipewa na daktari" au "nilinunua duka la dawa pale stendi" hupunguza adhabu tu, na si kila mara. Kijana akipewa sindano, kidonge au krimu, aulize jina lake, asome pakiti na aseme wazi kwamba yeye ni mwanamichezo anayeweza kupimwa.

Mambo ya kuanza nayo hapa nyumbani

Hakuna theluji katika kaunti hii, wala kamera ishirini kando ya kila uwanja. Lakini mengi ya yaliyosemwa hayahitaji pesa.

Kwanza, kanuni zisomwe kabla ya mchezo. Makocha na manahodha waitwe, waelezwe umri unaoruhusiwa, idadi ya wachezaji wa akiba na jinsi sare itakavyoamuliwa. Ugomvi mwingi huanza pale kanuni inaposikika kwa mara ya kwanza baada ya kosa.

Pili, refa asichague wala asichaguliwe na upande mmoja. Mwamuzi wa fainali asitoke katika wadi ya timu yoyote inayocheza. Hata akiwa mwadilifu, watu wataamini haki wanayoiona.

Tatu, malalamiko yawe na mlango. Pawe na mtu mmoja anayejulikana wa kuyapokea, yaandikwe, yawe na muda wa mwisho, na jibu litolewe kwa maandishi. Timu yenye mahali pa kupeleka kilio haina haja ya kuvamia uwanja.

Nne, umri wa mchezaji usemwe kwa ukweli. Mchezaji mwenye umri mkubwa kwenye timu ya watoto ni sawa na fimbo iliyozidi kipimo. Huenda akaleta kombe, lakini amemnyima mtoto fulani nafasi ya kuonekana, na mara nyingi mtoto huyo ni wa kijiji hicho hicho. Njia ya mwongo ni fupi. Siku cheti kitakapokaguliwa ngazi ya kitaifa, timu nzima itarudi nyumbani.

Tano, refa alindwe na pia awajibishwe. Mashabiki wanaomtukana waondolewe. Na refa anayepokea chai ya kocha aondolewe vilevile, bila kupewa nafasi ya mwisho.

Sita, wa mwisho angojwe. Kwenye mbio za shule, mara nyingi utepe hukunjwa na vipaza sauti huzimwa huku watoto watano bado wako njiani. Wangojeni. Walimu, waambieni washindi wabaki mstarini wawapokee wenzao kwa mkono. Haitachukua hata nusu saa, na mtoto aliyepokewa hivyo atarudi kukimbia mwaka ujao.

Waheshimiwa, mabwana na mabibi, kaunti hii ina vijana wenye miguu na mapafu ya kushindana na yeyote. Kile wanachohitaji kutoka kwa watu wazima ni uwanja ambao wakishinda, hakuna atakayeuliza walishindaje, na wakishindwa, watajua kwamba walishindwa na mtu, si na hila. Kazi hiyo ni ya kocha, refa, mwalimu na mzazi, na inaanza na mechi ya Jumamosi hii.